Watahini nao wafundwe

Mhariri,

Daktari anayejifunza upasuaji hufundwa miaka kadhaa, lakini anayempa alama mara nyingi hajafundwa kutoa alama. Kipimo cha ustadi wa upasuaji kiitwacho OSATS, kilichobuniwa Toronto miaka ya 1990, kina vipengele saba, kila kimoja alama 1 hadi 5: anavyoshika tishu, anavyotumia vifaa, mwendo wa mikono na kadhalika. Ni kizuri. Ila 3 yangu ni 5 ya mwenzangu, hasa mwanafunzi akiwa kipenzi chake!

Watahini waketi pamoja, watazame video ileile ya mshono wa utumbo, kila mmoja aandike alama zake kimyakimya, kisha wabishane. COSECSA, jumuiya ya madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini yenye makao Arusha, ilisimamie hili katika hospitali zinazofundisha.

Daktari wa upasuaji,
Morogoro