Dada, mwache huyo mtoto aruke

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, natumai mama anaendelea vizuri na lile goti lake. Najua haya tungeongea kwa simu lakini nimeamua kuyaandika hadharani, maana wazazi wenye mtoto kama wako ni wengi na hawana wa kuwaambia.

Ulisema siku ya michezo mwalimu alimketisha binti yako chini ya mti alinde viatu vya wenzake, eti mkono na mguu wake wa kushoto hauna nguvu ataumia bure, na wewe ukaongezea labda mwalimu ana haki. Hapana dada. Hapo nakukatalia kabisa.

Unakumbuka Agosti 2024 vile Kenya nzima tulihamia Paris kwenye Olimpiki? Beatrice Chebet alichukua mita 5000, siku chache tu akarudi uwanjani akachukua na 10,000, dhahabu ambayo hakuna mwanamke Mkenya alikuwa ameileta nyumbani kabla yake. Faith Kipyegon naye usiku ule wa 5000 walimtoa kwenye matokeo, tukakasirika, wakamrudishia medali yake ya fedha, na wiki haijaisha akaingia mita 1500 akashinda tena, Rio, Tokyo, Paris mfululizo, hakuna mtu mwingine duniani amewahi kufanya hivyo kwenye hizo mbio! Halafu Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia aliyewahi kuacha shule akachunga ng'ombe. Miaka 20 tu. Pale mwisho wa mita 800 Marco Arop wa Canada anamkaribia, anamkaribia, wewe umeshika kichwa, Wanyonyi anasukuma kifua mbele, saa inasema 1:41.19 kwa 1:41.20. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta na sijutii.

Medali 11, dhahabu 4, hiyo kila mtu anaijua. Lakini mimi nahesabu 12, na hii ya kumi na mbili ndiyo imenifanya nikuandikie.

Wiki chache baadaye, uwanja ule ule wa Stade de France, Samson Ojuka alikimbia akaruka kwenye mchanga akapata medali ya fedha, medali pekee ya Kenya kwenye Paralimpiki ile, yaani Olimpiki ya walemavu. Aliruka daraja la T37. Huko wanamichezo hupimwa kwanza, wakawekwa na wenzao ambao miili yao ina shida zinazokaribiana ili mtu ashindane na wa kiasi chake, na T37 wengi wao ni watu ambao upande mmoja wa mwili ndio dhaifu. Upande mmoja, dada. Soma hapo tena ukimwangalia binti yako.

Na Ojuka siye wa kwanza, sisi ndio hatukukesha kuwaangalia. Henry Wanyoike alikuwa anaona vizuri tu hadi 1995 alipopata stroke akawa kipofu. Mwaka 2000 akaenda Sydney kukimbia mita 5000, na kipofu hukimbia na mwongozaji wake wameshikana kwa kamba. Sasa mwongozaji hakuwa mzima siku hiyo, mzunguko wa mwisho akaishiwa nguvu kabisa, na bila yeye kufika hakuna ushindi. Wanyoike, asiyeona mstari uko wapi, akawa ndiye anayemsukuma mwenye macho mpaka wakavuka. Dhahabu! Athens 2004 akaongeza mbili, 5000 na 10,000. Hii hadithi ingekuwa inasimuliwa shuleni kama tunavyosimuliwa za Kipchoge Keino.

Kwa hiyo nakuomba uende shuleni, siyo kugombana, uongee na mwalimu mkuu kwa heshima, umwambie mtoto aingizwe kwenye mazoezi kama wenzake. Muulize pia kama kaunti yenu ina kocha wa michezo ya walemavu, na kama hajui basi nitaulizia mimi ofisi ya michezo huku mjini. Daktari wake mwulize mazoezi gani yanamfaa, hilo sipingi.

Raba nimeshamnunulia, nimechagua zenye mkanda wa kubandika (velcro) badala ya kamba ili azifunge mwenyewe kwa mkono mmoja. Namtumia na basi la Ijumaa usiku, mtume mtu stendi asubuhi mapema.

Ndugu yako akupendaye.