Usiipige kiki kwanza: tu-stroki za zamani za mashindano na hewa yetu ya chumvi

Assalaam alaykum wateja wetu na wapenzi wote wa vyombo vya zamani. Wiki mbili hizi tumepigiwa simu na watu watatu tafauti na suala lao ni lilelile, "shekhe nimeletewa pikipiki ya tu-stroki kwenye kontena, imekaa miaka, kiki inashuka vizuri tu, nitie mafuta niiwashe?" Jawabu yetu ni usiiwashe. Usiipige kiki hata mara moja, usiisukume na gia ndani, usimwite kijana wa mtaani akujaribie mara moja tu tuone. Ilete kama ilivo.

Najua ni ngumu. Mtu kasubiri mzigo bandarini Malindi hapa Unguja mwezi mzima, kaona picha tu kwenye simu, leo chombo kipo uani kwake, Yamaha RD350LC ya 1981 au Suzuki au hata TZ yenyewe ya kiracing, halafu fundi anakwambia usiiguse. Lakini nitakueleza kwa nini, na nitakueleza kwa urefu maana ukifahamu hili moja utakuwa umeokoa pesa nyingi, na utakuwa umeokoa mashine ambayo haitengenezwi tena duniani.

Fo-stroki kama hizi za bodaboda kranki yake, yani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekaa na oili yake chini, beringi zinaoga kila siku, hata ukiiegesha mwaka mzima bado kuna oili imezishika. Tu-stroki haina oili chini. Hewa na petroli inaingia kwanza ndani ya kesi ya kranki, pistoni ikishuka inaisukuma ile hewa ipande juu kwenye silinda kupitia njia za pembeni, yani ile kesi ya kranki ni pampu, na oili pekee inayoziona beringi ni ile kidogo iliyochanganywa na mafuta. Injini ikizimwa kinachobaki juu ya chuma ni utando mwembamba sana. Halafu egzosi iko wazi, kabureta iko wazi, na hewa yetu ya Unguja inaingia mle inavotaka, kusi na kaskazi zote, masika ndo usiseme. Unyevu wa chumvi unatua kwenye zile rola za beringi unakula pale pale rola ilipokaa. Ukiigeuza kranki kwa mkono hutosikia kitu. Kiki itashuka laini. Kutu iko ndani.

Mie niliwahi kuiua moja kwa mkono wangu. Ilikuwa RD350LC ya ami mmoja wa mtaani kwetu, kakaa nayo ujana wake wote Uingereza, karudi nayo nyumbani kwa kuipenda. Nilisafisha kabureta, nikatia plagi mpya, nikatia mafuta, kiki ya nne ikawaka, na sauti ile ya tu-stroki mbili kwa pamoja wallahi mtaa mzima ulitoka. Dakika nne. Halafu ikaanza kugonga chini, na kabla sijafika kwenye swichi ikajam. Tulipoifungua beringi ya chini ya koni, yani ule mkono unaounga pistoni na kranki, ilikuwa na vishimo vya kutu vimejipanga kama kichana, rola zimevunjika, vipande vimepanda na mafuta mpaka juu vikachana pistoni na silinda. Ami hakunigombeza, alikaa tu kwenye kiti akaniuliza kama itapona. Ilipona, lakini ilichukua miezi saba, na mimi toka siku ile sijawasha tu-stroki iliyolala bila ya kuipima.

Sasa tunapima nini. Kitu cha pili kinachokufa baada ya beringi, na hichi ndo kinachoua injini nyingi kuliko chote, ni sili za kranki. Zile za mpira, moja kila upande. Mpira ukikaa unakuwa mgumu, mdomo wake unaacha kuibana shafti. Kwa sababu kesi ni pampu, sili ikivuja pampu inavuta hewa ya pembeni ambayo haikupita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi mafuta kidogo, moto unapanda, na kumbuka oili inakuja pamoja na mafuta kwaiyo mafuta yakipungua na oili imepungua. Pistoni inavimba, inaganda kwenye silinda ukiwa kwenye spidi. Mtu anakwambia "oili ilikuwa ndogo" anaenda kuongeza oili kwenye tangi, na hapo anazidi kuharibu, maana oili ukiizidisha inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti ileile, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, na mchanganyiko unazidi kuwa mkavu. Watu wengi hawaamini hili nikiwaambia.

Kuna dalili. Upande wa klachi sili ikifa injini inavuta oili ya gia boksi, utaona moshi mweupe mwingi usioisha na oili ya gia inapungua bila ya kumwagika pahala. Huo upande una huruma, unakuonyesha. Upande wa magneto, kile kinachozalisha umeme wa plagi, ni mkavu, hauna oili ya kuvuta, unavuta hewa tu, na hewa haina moshi. Utaona labda injini inabaki kulia juu hata ukiachia eksileta, au plagi ya upande mmoja inatoka nyeupe na mwenzake ina rangi ya kahawa. Ukiona hivo zima, usisubiri ufike nyumbani.

Kipimo chenyewe ni kitu cha kawaida sana na nashangaa kwa nini gereji nyingi hazina. Tunatoa kabureta tunaziba njia yake kwa kizibo cha mpira, tunaziba tundu la egzosi, halafu tunaijaza hewa kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji mpaka psi 6. Isizidi hapo, ukitia kompresa utazitoa sili mahala pake. Injini nzima sasa imekuwa kama tyubu ya baiskeli. Sindano ya geji inatakiwa isimame, ikishuka zaidi ya psi moja kwa dakika kuna pahala panavuja, tunapaka maji ya sabuni kwenye sili, gasketi ya chini ya silinda, mpira wa kabureta, tunatafuta povu. Injini ya silinda mbili inapimwa upande mmoja mmoja kwa sababu kila silinda ina chumba chake chini. Tulijifunza hivi kwenye Vespa, maana Unguja hii Vespa ndo zimetulea, na kwenye mashine za boti za wavuvi, na ugonjwa ni uleule hata kama chombo kimeshinda Grand Prix.

Tukiridhika na sili bado tunataka kuona beringi, na hapo kwa injini iliyolala miaka mingi ushauri wetu ni kuifungua tu. Kranki za hizi pikipiki ni za kupresi, vipande vinashindiliwa pamoja, kwaiyo kubadilisha beringi ya koni ni kuitenganisha kranki nzima kwenye presi na kuirudisha ikae sawa mpaka geji ya kupimia isome sehemu mbili au tatu za mia za milimita, yani 0.02 au 0.03. Kazi hiyo haitaki haraka na haitaki nyundo. Anayekwambia anainyoosha kranki kwa nyundo ya shaba usimpe kranki ya TZ.

Kuna mtego mwengine unaowakamata hasa wanaoleta RD350LC kutoka Uingereza. Chombo hichi kilitoka 1980, silinda mbili, cc 347, upana wa silinda milimita 64 na mwendo wa pistoni milimita 54, vipimo vilevile vya TZ350 ya mashindano, ndo maana watu walizikimbiza sana. Kiwandani kina tangi lake la oili na pampu yake inayochanganya yenyewe. Lakini waliozipeleka mashindanoni wengi waliitoa ile pampu wakawa wanachanganya kwa mkono kwenye tangi. Sasa wewe umenunua, umeona tangi la oili lipo pembeni, umelijaza, umetia petroli tupu, umeondoka. Pampu haipo au imekatwa. Hutofika mbali. Fungua kifuniko utazame kwanza, au tuletee tutazame sisi, kutazama hatutozi.

Na oili yenyewe jamani. Hapa kwetu dukani ya tu-stroki iliyo rahisi kuipata ni ile ya mashine za boti, watu wanaimimina kwenye pikipiki. Ile imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji ya bahari, inayokwenda mzunguko wa chini, ndani ya pikipiki inayozunguka elfu tisa kwa dakika haivumilii ule moto. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FD, kiwango cha Kijapani cha oili ya tu-stroki, au oili ya mashindano. Wazee wa racing walikuwa wanatumia ya mafuta ya nyonyo, na jina la Castrol lenyewe limetoka huko, harufu yake ukiisikia mara moja huisahau. Ni nzuri kweli kwa kulinda chuma kwenye moto mkali, lakini ikikaa inakuwa gundi, ringi zinaganda kwenye pistoni, na usiichanganye kabisa na oili ya madini, yanagandana. Kama umetia ya nyonyo basi changanya ya siku hiyo na umwage iliyobaki. Vipimo: moja kwa ishirini ni mililita 50 kwa kila lita ya petroli, hapo ndo tunapoanzia kwa injini ya mashindano ya zamani. Ile moja kwa hamsini ya boti, mililita 20, iache kwenye boti.

Mwaka jana tulipokea pikipiki kutoka Nairobi. Mwenyewe ni kijana makini, kila kitu kipya, sili mpya, beringi mpya, na fundi wake wa kule alifanya kazi safi, sina la kusema. Kaja nayo Unguja kwa harusi ya dada yake, siku ya pili ikaganda njia ya Bububu. Hakuna kilichovuja. Tatizo ni kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ya kule nyepesi, na jeti zilichaguliwa kwa hewa ile. Hapa tuko usawa wa maji, hewa nzito zaidi kwa kiasi cha asilimia kumi na tano hivi hata ukihesabu joto letu, jeti ni ileile, kwaiyo mafuta hayatoshi. Kabureta haina akili ya kujua imevuka bahari. Tulitia jeti kubwa, pistoni za saizi ya juu, silinda tukazichonga, maana za LC zina slivu ya chuma zinachongeka. Silinda nyingi za mashindano yenyewe zimepakwa kromu au nikasili, utando mgumu wa nikeli, hizo hazichongwi, zinapelekwa nje kupakwa upya na bei yake utaisikia mfukoni, ndo nasema kinga.

La egzosi nalisema kwa kuwa limeniuma. Kuna mteja fundi wake aliona lile tumbo la egzosi limevimba katikati limebana mwisho, akadhani ni urembo, akalikata akaweka bomba moja kwa moja. Lile tumbo ni nusu ya injini. Linarudisha wimbi la mgandamizo ambalo linayasukuma mafuta yaliyotaka kutoroka yarudi ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Aliyelifikisha pale ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, miaka ya 50, na mpanda wake Ernst Degner alipotoroka 1961 akaenda Suzuki na elimu ile, mwaka uliofuata Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50. 1975 Giacomo Agostini, mpanda wa Italia, akachukua wa cc 500 na Yamaha, mara ya kwanza kwa tu-stroki, na toka hapo hazikuachia ubingwa huo mpaka wa Valentino Rossi 2001. Yote hayo yamo kwenye bati jembamba lile. Likibonyea au likatoboka kwa kutu nguvu inapotea, na chumvi yetu inalila kwa ndani na nje. Likitoboka tunalichomea kwa gesi taratibu. Hatulikati.

Ukiwa huendeshi, basi safari ya mwisho kabla ya kuiegesha tumia oili ya kawaida, si ya nyonyo. Ikipoa toa plagi, tia oili kijiko kimoja kila silinda, izungushe taratibu kwa mkono, rudisha plagi, ziba mdomo wa egzosi na kabureta kwa mfuko na mpira, na uandike karatasi uifunge kwenye hendeli kuwa pameziba. Mwaga mafuta kwenye kabureta. Usiifunike kwa nailoni, inatoa jasho, tumia shuka la pamba. Usiiegeshe baraza ya upande wa bahari. Kila wiki mbili izungushe kidogo ili rola zisikae mahala pamoja.

Kazi yetu inakuwa hivi: ukileta tunapima hewa siku hiyohiyo, unakaa na sisi unaitazama geji mwenyewe. Ikitaka kufunguliwa tunakupigia, tunakuonyesha kila kipande kabla ya kuagiza chochote, na sili na pistoni za hizi zinatoka Japani au Uingereza kwaiyo subira ya wiki kadhaa iwepo. Walioko Pemba tunapokea kwa meli, ila mwambieni mbebaji asiimwagie maji na asijaribu kuiwasha bandarini. Na ulete kila kilichokuja nayo, hata vile vijeti vya shaba vilivyo kwenye kikopo cha filamu na vikaratasi vyenye namba za mkono. Huyo aliyeandika zile namba aliijua pikipiki yako kabla yetu, na tunazisoma kwanza kabla ya kushika spana.