Kabla hawajanipakia mzinga omoni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na macho yangu. Watoto wanakusalimu. Chifu naye anakusalimu, mguu umepona na amesharudi kwenye mitambo, kelele zake zilezile. Baada ya salamu, nina haja kwako, na haja yenyewe haina subira.

Unaikumbuka ile meli ya doria niliyokudokezea, ya kulinda uvuvi? Mchoro wa kwanza ulikuwa umetulia: urefu mita 48, upana mita 8.6, mwendo wa noti 17 (maili za baharini kwa saa) ikikazwa, watu 22 pamoja na kikosi cha upekuzi, boti mbili za mpira, bombomu, yaani bunduki za rashasha, za milimita 12.7, moja kila ubavu. Kamati ikaupokea vizuri. Halafu Bwana Mkubwa akaenda kwenye maonyesho ya vyombo vya majini, akarudi na mkoba wa vipeperushi, na sasa wanataka noti 30 na mzinga wa milimita 76 omoni, pale mbele kabisa. Kwa meli ileile, mita zilezile 48! Kikao cha kuamua kimekaribia, na mle ndani hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ngazi ya kamba usiku kuingia kwenye meli ya watu wasiomtaka. Wewe umepanda. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na noti 30, maana ndizo zinazokula kila kitu. Meli ya namna hii ina mwendo wake wa asili. Chukua urefu wake kwenye usawa wa maji, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.43, utapata noti ambazo ukizipita unaanza kupanda wimbi ulilolifanya mwenyewe. Kwa mita zangu 45 za majini ni noti 16 na kitu. Kwa noti 12 nahitaji kama kilowati 600, yaani lita 150 za dizeli kwa saa. Tangi la lita 60,000 linanipa saa 400, siku 16 na ushei. Kwa noti 30 nahitaji kama kilowati 10,000, lita 2,500 kwa saa. Tangi lilelile linakauka kwa saa 24. Siku moja, ndugu yangu! Wananijibu kwamba hakuna atakayekwenda noti 30 kila siku. Kweli, lakini injini za noti 30 zitabebwa kila siku, zitachukua nafasi ya vyumba na maji na mafuta kila siku, na muda mwingi zitakuwa zinanguruma kwa noti 6 huku zikijaa masizi, kwa sababu dizeli kubwa haipendi kazi ndogo. Mimi na Chifu tulikuwa tumeshakubaliana: injini mbili za wastani, na mota ndogo ya umeme kwenye kila shafti kwa ajili ya kunyemelea polepole. Sasa hilo nalo limo mashakani.

Na doria ya uvuvi ni kukaa. Mvuvi haramu anahesabu siku zako. Akishajua unarudi bandarini siku ya tano, ataingia siku ya sita. Kipeperushi anachokipenda Bwana Mkubwa ni cha boti za aina ya Sentinel za walinzi wa pwani wa Marekani: mita 46.8, noti 28, mzinga wa milimita 25. Ni chombo kizuri, sina neno nacho. Lakini kimekusudiwa kukaa baharini siku tano hivi, na nyuma yake kuna meli nyingine kubwa za kushika zamu ya mbali. Hawa wanataka kiwe chombo chao cha pekee, kilinde ukanda wa maili 200 za baharini.

Nimewapa mfano wa Viarsa 1, meli iliyoshukiwa kuvua kiharamu, wakaniangalia tu. Agosti 2003, Southern Supporter, chombo cha doria cha Australia kisicho na mzinga wowote, kiliikuta karibu na Kisiwa cha Heard, kisiwa cha Australia huko kusini kabisa, kikaifuata siku 21 katika bahari ya kusini yenye barafu na dhoruba, maili za baharini kama 3,900, mpaka vyombo vya Afrika Kusini na Uingereza vikaja kusaidia ikakamatwa. Gawanya maili hizo kwa saa za siku 21: mwendo wa wastani haufiki noti 8. Kilichoikamata ni tangi na uvumilivu wa mabaharia. Na ukitazama sheria, ni hivyohivyo. Kifungu cha 111 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinakuruhusu kumfukuza mtu kutoka ukanda wako hadi bahari kuu, mradi ufukuzaji usikatike. Mafuta yakikuishia na hakuna mwenzako wa kukupokea, haki yako imeishia hapohapo.

Tena yule wa Viarsa, baada ya taabu yote ile, mabaharia wake waliachiwa na mahakama mwaka 2005, ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba walivua ndani ya ukanda. Hapo ndipo nilipoongeza chumba cha vielelezo chenye friza yake, na meza ya kupimia matundu ya nyavu. Na hicho chumba, unadhani kiko wapi kwenye mchoro mpya? Kimegeuzwa ghala la risasi za mzinga.

Sasa mzinga wenyewe. Milimita 76 ni zaidi ya tani 7 kabla hujahesabu risasi, na zinakaa juu, omoni, mahali pabaya kuliko pote. Uzito wa juu unapunguza uthabiti, kwa hiyo lazima niweke farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, chini. Farumi inaididimiza meli majini, meli iliyodidimia inadai nguvu zaidi, nguvu zaidi inadai mafuta zaidi, mafuta yanadai urefu, na urefu wamenikataza. Kila nikimaliza mzunguko mmoja narudi nilipoanzia nikiwa mzito zaidi.

Nimewauliza: mtampiga nani? Wanasema "kutisha". Kutisha kwa kitu usichoweza kukitumia ni hatari. Mwaka 1961 meli ya Denmark ya kulinda uvuvi, Niels Ebbesen, iliipiga risasi Red Crusader, meli ya uvuvi ya Scotland, huko Visiwa vya Faroe. Wanamaji wawili wa Denmark waliopandishwa kuisimamia walikuwa bado wamo ndani yake! Tume ya uchunguzi ikasema mwaka 1962 kwamba kufyatua risasi ngumu za mzinga bila onyo, na kuhatarisha maisha ya watu, kulivuka mpaka wa nguvu halali. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikarudia mambo hayohayo katika kesi ya Saiga, meli ya mafuta iliyokuwa ikiuzia meli za uvuvi dizeli na kukamatwa na Guinea mwaka 1997. Kwanza ishara ya kuonekana au kusikika, kisha risasi mbele ya omo, na nguvu yenyewe iwe ya mwisho kabisa baada ya onyo. Guinea ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Kwa upande mwingine, Machi 1995, Cape Roger, meli ya doria ya Kanada, ilipoisimamisha Estai, meli ya uvuvi ya Hispania, ilifyatua bombomu ya milimita 12.7 mbele ya omo. Estai ikasimama. Milimita 12.7, ndugu yangu, ileile niliyoichora mimi!

Na Iceland mwaka 1972 haikuhitaji hata hiyo. Meli yao Ægir ilipita nyuma ya meli ya uvuvi ya Uingereza ikikokota mkasi wa chuma chini ya maji, ikakata waya za nyavu. Nyavu zikaenda chini na mavuno yake. Sisemi tufanye hivyo, ile ilikuwa vita ya mataifa na ilifika hadi kugongana na manowari. Nasema tu kwamba ulinzi wa samaki umekuwa na silaha za kila namna, na zilizofaa ni zile zilizomgusa mvuvi kwenye kazi yake.

Silaha ya meli yangu ni boti. Hili ndilo nataka walisikie kutoka kwako. Wewe umekaa mle: boti inaning'inia upande wa demani, ule uliokingwa na upepo, kamba ya omo imekazwa mbele, watu sita wameinamisha vichwa. Wimbi la mita mbili linakuja, linaibeba boti, waya inalegea, na kabla mtu hajafungua ndoano wimbi linaondoka, boti inaanguka mpaka waya ikaze kwa kishindo. Mtu akiwa na vidole hapo, hana vidole. Ndiyo maana nimeiweka kreni karibu na katikati ya meli, ambako omo na tezi (mbele na nyuma ya meli) zikipanda na kushuka pale hapashtuki sana, na winchi ni ya kukaza waya yenyewe. Nimeweka mapezi marefu ya ubavuni na tangi la kupunguza mrama, ule mwyumbo wa ubavu kwa ubavu, kwa sababu yale mapezi ya kuchezeshwa na mashine yanasaidia hasa meli ikiwa kwenye mwendo, na boti inashushwa meli ikiwa inatambaa. Mrama wake sasa ni sekunde 7 na kidogo kwenda na kurudi. Nikiongeza mzinga na farumi, sijui tena nitakuwa na meli gani, ila najua nani atakuwa ndani ya boti siku hiyo, na hatakuwa mjumbe wa kamati.

Wakikataa kabisa bombomu tupu, niko tayari kuwapa mzinga wa milimita 20 unaoendeshwa kutoka darajani. Nitaacha msingi wake umeshaimarishwa kwenye sitaha, na nitauhesabia uzito wake tangu leo. Lakini hapo pana jambo linanisumbua. Mizinga hiyo ina kamera nzuri sana ya usiku, na muuzaji anasema kamera hiyohiyo itatumika kuangalia vyombo vya mbali. Yaani kila nikitaka kusoma jina la mashua, nielekeze mtutu kwa wavuvi? Watoto wa watu wanavuta nyavu zao kihalali, wanaona mdomo wa mzinga unawafuata. Mimi nataka kamera ya peke yake juu ya mlingoti, mbali na silaha, hata kama ni gharama. Pamoja na vipaza sauti na taa kali, kwa sababu sheria inataka ishara ionekane au isikike, na hivyo ndivyo vitatumika kila siku.

Yule wetu wa hesabu ananiunga mkono kimyakimya, lakini hatasema mbele ya Bwana Mkubwa, unamjua. Mzee wa michoro ameshasema wazi na amenyamazishwa. Mimi wananiona msanifu anayependa mistari yake. Nimechoka, lakini siachi, kwa sababu meli ikishakatwa chuma itakaa miaka 30, na vijana watavunjika migongo mle ndani kwa ajili ya kipeperushi.

Basi naomba uniandikie ukurasa mmoja au miwili, kwa jina lako na cheo chako cha zamani, niusome kikaoni. Usiwaandikie hesabu, hizo ninazo. Waandikie kazi ilivyo.

Na haya nijibu kabla ya yote. Katika miaka yako yote, ni lini ulihitaji kitu kikubwa kuliko bombomu? Boti ya pili uliitumia kweli, au ilikuwa mzigo? Wako wanaonishauri nichonge mteremko tezini, boti iteleze na kupandishwa hukohuko, wewe ungeuamini bahari ikiwa imechafuka au ungebaki na kreni? Meli ya kukamatwa ikiwa na watu 30, mliwaweka wapi, na mliwalinda na watu wangapi? Nimewaachia chumba cha watu 10 tu, kinatosha? Darajani nikiweka sahani za kuzuia risasi upande wa mbele na ubavuni, nyuma niache wazi nipunguze uzito, au hapana? Na siku ya 12, ya 13, watu wakiwa wamechoka, ni kitu gani mlikilalamikia kwanza: maji, usingizi, au chakula? Hilo la mwisho nijibu kwa kirefu, maana bado nina mita chache za kugawa, na Bwana Mkubwa hajaziona.

Msalimie shemeji na wote hapo. Jibu lako likija hata usiku, nipigie.

Ni mimi ndugu yako,
wa michoro