Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: wakongwe wa baleti ya Urusi na namna ya kuwatazama

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya filamu za baleti,

Mwaka tunaoufunga tulipunguza idadi ya filamu na kuongeza muda wa kila moja. Kila filamu ilitazamwa mara tatu: kwanza mfululizo bila kusimamisha, kisha bila sauti, mwisho kwa mwendo wa pole. Utaratibu huu umetufaa. Umetuonyesha pia kwamba mabishano yetu mengi hayakuwahusu wachezaji hata kidogo. Yalihusu mashine.

Mfano ni mchezaji Anna Pavlova. Batamaji Anayekufa, mchezo aliotungiwa na Mikhail Fokine mwaka 1907 kwa muziki wa Saint-Saëns, ulipigwa filamu Marekani katikati ya miaka ya 1920, naye keshavuka miaka 40. Filamu bubu za wakati ule mara nyingi zilipigwa kwa picha 16 hadi 18 kwa sekunde. Ukizionyesha kwa picha 24, mchezo wa dakika 3 unaisha kwa dakika 2. Vile vihatua vidogo vya kwenye ncha za vidole vinageuka mtetemo wa cherehani, na mikono inapapatika kama ya kuku aliyeshikwa. Waliosema Pavlova “ana papara” walikuwa wanailaumu mashine. Kuanzia sasa, kabla ya kikao, mwenye kuonyesha atapunguza kasi hadi kitambaa cha gauni kianguke kama kitambaa kinavyoanguka. Kitambaa hakidanganyi. Muziki uliobandikwa baadaye uzimwe, maana haukupigwa wakati yeye anacheza.

Filamu za sauti nazo zina lao. Zilipigwa kwa picha 24, lakini nakala nyingi za televisheni zinakwenda kwa 25. Tofauti ni asilimia 4 tu, ila muziki unapanda karibu nusu noti, na mchezaji mzito anaonekana mwepesi.

Nakuja kwa Galina Ulanova, aliyetuchukulia muda kuliko wote, na kwa haki. Alimcheza Juliet wa Romeo na Juliet kwa mara ya kwanza Leningrad, Januari 1940, katika utunzi wa Leonid Lavrovsky kwa muziki wa Prokofiev. Filamu yake ilitoka 1955, naye ana miaka arobaini na kitu anamcheza msichana ambaye hajafikisha kumi na nne. Malalamiko yaliyoletwa kwa kamati ni mawili: mguu haupandi, na uso unaonekana mtu mzima. La uso ni kosa la kamera kusogea karibu mno. Mchezo ule ulitengenezwa uonwe kutoka viti vya mbali. La mguu nalipinga. Katika arabeski, yaani kusimama mguu mmoja na mwingine kunyooshwa nyuma, wa kwake hauvuki sana usawa wa nyonga, na hivyo ndivyo alivyofundishwa. Mguu ukipandishwa zaidi, nyonga inafunguka upande, kiwiliwili kinainamia mbele, na mstari unaotoka ncha ya kidole cha mkono hadi ncha ya kidole cha mguu unakatika mgongoni. Wachezaji wa leo wameamua kuulipa mkato huo ili wapate urefu. Ni uamuzi wao, lakini usitumike kumpimia Ulanova.

Tazameni badala yake pale Juliet anapokimbia kwenda kwa padri, joho likimpeperuka nyuma. Hakuna hatua yoyote ya darasani pale, ni mbio tu. Kifua ndicho kinachotangulia, miguu inafuata kana kwamba imechelewa, na kichwa hakigeuki kutafuta watazamaji. Kundi la Bolshoi la Moscow lilipofungua maonyesho London mwaka 1956, alicheza nafasi hiyohiyo akiwa na miaka 46.

Maya Plisetskaya, naye wa Bolshoi, hakuwamo katika safari ile. Alizuiwa kusafiri, na Marekani ilimwona 1959. Kwake tuligombana juu ya fuete 32 za Odile, binti wa mchawi anayemhadaa mwana wa mfalme katika Ziwa la Batamaji. Fuete hizo aliziingiza Mwitaliano Pierina Legnani, alipocheza nafasi hiyo St Petersburg mwaka 1895. Mchezaji huzunguka juu ya mguu mmoja, na kila mzunguko kisigino kinashuka sakafuni, goti linakunjwa, mguu mwingine unafyatuliwa pembeni kisha unarudishwa gotini. Zinaharibika kwa njia zilezile: mkono ukichelewa kufunga, nyonga ndiyo inayovuta na mchezaji anahama mahali, mguu wa pembeni ukishuka, msukumo unakwisha, kisigino kisiposhuka, kufikia wa ishirini misuli ya shavu la mguu imekaza. Plisetskaya aliziacha, akazunguka jukwaa kwa mzunguko wa duara wenye kasi. Wapo wanaomkata alama kwa hilo. Mimi naona Odile anatakiwa amzungushe mwana wa mfalme akili, na njia ni nyingi. Mikono yake katika tendo la pili, inayokunjika kuanzia begani kama haina mifupa, hakuna aliyeibishia.

Kwa wanaume tulijaribu kupima miruko. Hesabu picha tangu vidole vinapoacha sakafu hadi vinapoigusa tena, gawa kwa idadi ya picha kwa sekunde ambazo filamu ilipigwa, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 1.23; unapata mita. Kwa filamu iliyopigwa kwa picha 25, picha 15 ni sekunde 0.6, yaani sentimita 44. Picha 16 ni sentimita 50. Ukikosea picha moja tu umempa mtu sentimita 6 za bure, kwa hiyo kila mruko uhesabiwe na watu wawili wasiosikilizana. Anayetua magoti yamekunjwa anaongeza muda bila kuongeza urefu. Na anayekunja miguu juu angani anadanganya jicho. Tazama kiuno, si nyayo. Vipimo vyetu vya Vakhtang Chabukiani nimevifuta vyote, kwa kuwa havikurekebishwa kasi. Vya Yuri Soloviev vitarudiwa. Rudolf Nureyev tumemgusa kwa juu tu: alikataa kurudi kwao akabaki Paris Juni 1961, hivyo filamu zake za Urusi ni chache, na vipande vichache havimtendei haki.

Maktaba yetu ina majina yaliyovurugika. Ukumbi wa Kirov na wa Mariinsky, wa St Petersburg, ni mmoja. Jina la Kirov lilitumika 1935 hadi 1992. Petrograd, Leningrad na St Petersburg ni mji uleule. Kuna kanda tatu zilizoandikwa kama za makundi mawili kumbe ni kundi moja. Lebo ziandikwe jina la wakati wa kupigwa filamu, likifuatiwa na la leo. Pia msichanganye mwaka wa onyesho la kwanza na mwaka wa filamu. Juliet wa 1940 hatunaye, tunaye wa 1955.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kikao cha kwanza cha mwaka ujao ni Mrembo Aliyelala, filamu ya Kirov ya miaka ya 1960: Alla Sizova, Soloviev, na Natalia Dudinskaya katika nafasi ya mchawi Carabosse. Waliochaguliwa kuhesabu waje na kalamu na karatasi, na mashine ya kuonyeshea iwashwe nusu saa mapema ili kasi irekebishwe kabla taa hazijazimwa.

Mwenyekiti