YAH: Malalamiko kuhusu ramani ya unene wa mashapo ya barafuto mliyotukabidhi

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni iliyopewa kazi ya upimaji wa unene wa mashapo.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumeipitia ramani ya unene wa mashapo, yaani udongo, mchanga na kokoto zilizo juu ya mwamba wa msingi, pamoja na ripoti na faili za data mlizoambatisha. Hatuwezi kuipokea kama ilivyo. Hatulalamikii rangi wala mwonekano wa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye unene sawa. Tunalalamika kwamba ramani inaonyesha mwamba mahali ambapo hakuna mtu aliyeufikia. Sehemu nyingi, namba mliyoiandika kuwa unene wa mashapo ni kina ambacho mchorongaji aliacha kuchoronga, na katika ardhi iliyopitiwa na barafuto, yaani barafu kubwa inayosogea polepole juu ya nchi, vitu hivyo viwili vinaweza kuachana kwa makumi ya mita.

Chukueni shimo K-17. Maelezo ya mchorongaji, kutoka juu kwenda chini, yanataja udongo wa juu, mfinyanzi wa kahawia wenye kokoto, mfinyanzi mgumu wa kijivu, halafu mchanga wenye maji kati ya mita 35 na 38. Hapo akaweka bomba la chujio na kufunga kazi. Neno mwamba halimo popote. Hata hivyo, katika jedwali lenu K-17 ina mwamba kwenye mita 38, na kontua zimepita juu yake kana kwamba jambo hilo limethibitishwa.

Kosa hili halijisawazishi lenyewe kwa kuwa na data nyingi. Mashimo mengi mliyotumia ni visima vya maji, na mchimba kisima anatafuta maji, si mwamba. Mashapo yakiwa mazito na yana tabaka la mchanga wenye maji, huishia humo humo. Yakiwa membamba, hulazimika kuingia kwenye mwamba. Kwa hiyo mashimo yasiyofika mwamba yamejazana palepale penye mashapo mazito, na kila moja linapohesabiwa kama limefika, linauvuta mwamba juu. Ndiyo maana bonde lililofukiwa, ambalo vipimo vya mvutano wa dunia katika ripoti yenu wenyewe vinalidokeza, limetoweka kwenye ramani. Mabonde ya namna hiyo ndiyo yanayobeba akiba kubwa ya maji, kama inavyojulikana kwa bonde la Teays na Mahomet lililofukiwa chini ya Ohio, Indiana na Illinois nchini Marekani. Kwetu, kulikosa bonde kwenye ramani ni kukosa sababu yenyewe ya kuagiza ramani.

Shimo lisilofika mwamba lina habari muhimu, ila ni habari ya kikomo: mwamba uko chini zaidi ya hapa. Utaratibu wake mnaujua. Uso wa mwamba hujengwa kwanza kwa mashimo yaliyoufikia tu. Kisha kila shimo ambalo halikufika hulinganishwa na uso huo. Kama uso unapita juu ya mwisho wa shimo, panawekwa nukta ya kuushusha hadi mwisho wa shimo au chini yake, halafu hesabu inarudiwa mpaka pasiwe na shimo linalopingana na uso. Kama uso tayari uko chini ya mwisho wa shimo, shimo hilo halibadilishi kitu na linaachwa nje. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayoonekana katika faili zenu.

Upo pia upande wa pili. K-31 imeandikwa mwamba kwenye mita 12, na uchorongaji ukasimama nusu mita baada ya hapo, ilhali mashimo yanayoizunguka yamepita mita 50 bila kukuta mwamba. Tili, yaani ule mchanganyiko wa mfinyanzi, mchanga, kokoto na mawe makubwa ulioachwa na barafuto bila kuchambuliwa, hubeba mawe yenye upana wa mita kadhaa. Nusu mita ya jiwe gumu haithibitishi kitu. Hadidu za rejea zilitaka angalau mita 3 ndani ya mwamba, au sampuli. Na sampuli husema wazi: vipande vya aina nyingi za mawe, vingine vimeviringika, ni tili; vipande vyenye ncha, vyote vya aina moja, ni mwamba. Hicho ndicho kipimo ambacho kingeokoa pia yale mashimo matatu ya kusini ambako mwamba laini wa matope uliochakaa umeandikwa "udongo wa bluu", na mwamba ukasogezwa chini kuliko ulipo.

Sasa jiofizikia. Katika vituo vya mitetemo tulivu, ambako kifaa hurekodi mitetemo midogo ambayo ardhi inayo muda wote, mmegeuza frikwensi ya mtikisiko mkubwa zaidi kuwa kina kwa mlinganyo uliochapishwa mwaka 1999 kutokana na vipimo vya Rhine ya chini huko Ujerumani: kina ni 96 mara frikwensi iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi 1.388. Kwa hezi 1.6 mlinganyo huo unatoa mita 50, na ndivyo mlivyoandika. Lakini ndani ya jibu hilo mmeshakubali kasi ya mawimbi ya mkato (yanayotikisa ardhi kukingama na njia yake) ya wastani wa mita 320 kwa sekunde, kwa sababu frikwensi ya msingi ni kasi ikigawanywa kwa mara nne ya kina. Tili iliyokandamizwa na uzito wa barafu huwa ngumu kuliko hivyo. Weka mita 500 kwa sekunde, na hezi 1.6 ileile inakuwa mita 78. Tofauti ya mita 28 imetoka kwenye mlinganyo wa kuazima, si kwenye ardhi. Ilipaswa kupima kwanza kando ya mashimo yaliyofika mwamba, yenye vina mbalimbali, kupata mlinganyo wa eneo hili, halafu ndipo kuutumia kwingine. Mashimo hayo yapo na mlikuwa na orodha yake.

Vituo vyenye kilele, yaani ile frikwensi ya mtikisiko mkubwa zaidi, cha chini ya hezi 1 navyo vimerekodiwa kwa dakika 6. Mwongozo wa mradi wa Ulaya wa mwaka 2004, ambao ripoti yenu inadai kuufuata, unapendekeza angalau dakika 10 kwa hezi 1, na zaidi kadiri frikwensi inavyoshuka. Vituo kadhaa vina kilele kisichofika uwiano wa 2 kati ya mtikisiko wa mlalo na wa wima, na bado vimepewa kina. Pale ambapo tili ngumu imekalia mwamba laini, tofauti ya ugumu kati yao ni ndogo na kilele kinaweza kukosekana kabisa, au kikatokea kwenye mpaka wa juu wa tili badala ya mwamba. Kituo kisicho na kilele kinaandikwa hakina jibu.

Mistari ya mawimbi yaliyopindishwa, ambako nyundo hupigwa ardhini na kupimwa muda wa mawimbi kufika baada ya kupita kwenye tabaka gumu la chini, ndiyo iliyotusikitisha zaidi, maana gharama yake ilikuwa kubwa. Mlitandika jiofoni (vipokezi vya mtikisiko) 24 kwa nafasi ya mita 5, yaani mstari wa mita 115, mkapiga nyundo kwenye ncha zake tu. Kwa tili yenye kasi ya mita 1,800 kwa sekunde juu ya mwamba wa mita 4,000 kwa sekunde, na mashapo ya mita 40, wimbi lililopita kwenye mwamba linaanza kutangulia kufika, mbele ya lile lililopita kwenye mashapo, kwenye umbali wa takriban mita 130. Mstari wenu uliishia kabla ya hapo, kwa hiyo mwamba haukuweza kuonekana kwenye mawimbi ya kwanza hata kidogo. Tabaka mliloliita "mwamba uliochakaa" lina kasi ya mita 1,600 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mchanga uliojaa maji. Maji yenyewe hupitisha sauti kwa karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mlichopima ni usawa wa maji chini ya ardhi. Nyundo ingepigwa pia nje ya mstari, mbali na ncha zote mbili, jambo hili lingejitokeza siku ileile ya kazi.

Mbinu ya kuchora nayo haikubaliki. Mmekadiria unene moja kwa moja kati ya nukta na nukta, ilhali unene umebeba ndani yake vilima na mabonde ya uso wa ardhi. Kilima cha tili kisicho na shimo juu yake kinapotea. Kinachokadiriwa ni mwinuko wa mwamba kutoka usawa wa bahari, pamoja na mahali mwamba unapojitokeza juu ya ardhi, kisha unatolewa kwenye modeli ya mwinuko wa uso. Seli zitakazotoka na namba hasi zisifutwe kwa kuandikwa sifuri kimyakimya. Kila moja ina kasoro nyuma yake: shimo limewekwa mahali pasipo pake, futi zimesomwa kama mita, au mwinuko wa GPS umeachwa juu ya elipsoidi (umbo laini la dunia la kihesabu) wakati modeli inahesabu kutoka jioidi (usawa wa bahari), tofauti ambayo peke yake inaweza kufika makumi ya mita.

Tumeona pia kwamba programu iliruhusiwa kusahihisha mtiririko kwenye uso wa mwamba, ikafukia kila bonde lililofungika pande zote ili maji yapate njia. Kwa uso uliochongwa na mito, sawa. Barafuto, na maji yanayosukumwa kwa mgandamizo chini yake, huchimba mabonde yenye ncha zilizofungika. Kaskazini mwa Ujerumani, Denmark na chini ya Bahari ya Kaskazini yapo mabonde ya aina hii yenye kina cha mamia ya mita. Mlichokifuta kama dosari huenda ndicho kitu chenyewe.

Tunataka yafuatayo kabla ya ankara ya mwisho kulipwa. Jedwali la mashimo lirudiwe likiwa na safu inayotenganisha yaliyofika mwamba, yasiyofika, na yenye shaka, na maneno ya mchorongaji yaachwe kama alivyoyaandika. Uso wa mwamba ujengwe upya kwa utaratibu wa kikomo tuliouelezea, bila usahihishaji wa mtiririko. Vituo vya mitetemo tulivu vihesabiwe kwa mlinganyo wa eneo hili, na vya dakika 6 virudiwe. Mistari ya mawimbi yaliyopindishwa irudiwe kwa gharama yenu, kwa urefu wa mara nne hadi tano ya kina kinachotarajiwa. Pamoja na ramani tupatiwe nyingine ya uhakika, inayoonyesha umbali hadi kwenye data iliyo karibu na matokeo ya jaribio la kuondoa shimo mojamoja na kulikadiria. Kontua za kila mita 5 mahali ambapo shimo la karibu liko kilomita kadhaa ziondolewe.

Ramani ya sasa isitumwe kwa mtu mwingine yeyote. Wapo wanaosubiri kupanga urefu wa nguzo za msingi na maeneo ya visima vya majaribio kwa namba hizi. Tunaomba ratiba ya marekebisho kwa maandishi ndani ya siku 14, na mtaalamu aliyesaini ripoti ahudhurie kikao cha kupitia jedwali la mashimo pamoja nasi, mstari kwa mstari.

Wenu katika kazi,

Wanajiolojia,
Kitengo cha Maji Chini ya Ardhi