Kwa nini kaka yako wa Ohio hapati tagi ya elki kama unavyopata wewe wa Boise

Mwezi wa tano ukiingia, wateja wa bucha letu hapa Boise, Idaho, huuliza habari za tagi, yaani kibali cha kumchukua mnyama mmoja wa porini, kuliko habari za nyama. Mmoja ana kaka yake Columbus, Ohio, anayetaka kuja Oktoba wawinde pamoja. Mwingine amehamia Boise kutoka Dallas mwezi wa pili, leseni ya udereva ya Idaho anayo mfukoni, na anashangaa kuambiwa kwamba kwa upande wa uwindaji bado ni mgeni. Wa tatu ameona kwenye simu picha ya tajiri aliyekuja kwa ndege, akapandishwa mlimani kwa farasi, akarudi na dume la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Anauliza kwa uchungu: huyu tagi aliipata wapi, na mimi mkazi naomba kila mwaka nakosa?

Kazi yetu sisi ni kuchuna, kuning'iniza nyama kwenye chumba cha baridi, kukata, kusaga na kufunga. Lakini hakuna paja linalopita mlangoni kwetu bila tagi, na wateja wengi wanaozungumza Kiswahili hapa mjini wameyapata maelezo ya tagi kwa kusikia sikia tu. Tumeona tuyaandike vizuri, pamoja na msimamo wetu, maana jambo hili linatugusa.

Kwanza lieleweke hili: leseni ya kuwinda peke yake haikupi elki. Leseni inakuruhusu kuwa mwindaji. Tagi inakuruhusu kumchukua mnyama mmoja, wa aina fulani, katika eneo na tarehe zilizotajwa. Mkazi wa Idaho anaweza kununua tagi ya msimu wa kawaida bila kushindana na mtu, ingawa baadhi ya kanda zina kikomo na huisha upesi. Zile nyingine, za maeneo yanayobanwa ili wanyama wasimalizwe, hutolewa kwa droo, yaani kura ya bahati. Droo ya kulungu na elki inapokea maombi kuanzia Mei 1 hadi Juni 5.

Mkazi ni nani? Idaho inataka uwe umeishi hapa miezi 6 mfululizo kabla ya kuomba, ukiwa na nia ya kweli ya kufanya hapa ndipo kwako. Leseni ya udereva peke yake haitoshi. Montana wanahesabu siku 180, Wyoming mwaka mzima. Kwa hiyo ndugu yetu wa Dallas atakuwa mkazi mwezi wa nane, na droo ya mwaka huu itakuwa imempita.

Tofauti ya bei ndiyo inayowashtua watu. Kwa viwango vilivyoanza msimu wa 2021, tagi ya elki kwa mkazi ni dola 36.75 na kwa mgeni ni dola 651.75, kabla hujaongeza leseni, ambayo kwa mgeni ni dola 185. Kwenye droo mambo ni magumu zaidi kwake: wageni hawaruhusiwi kupita asilimia 10 ya tagi. Kaka wa Columbus anauliza kama huo si ubaguzi. Swali hilo lilishafika Mahakama Kuu ya Marekani. Wawindaji kutoka Minnesota na mwongozaji mmoja wa Montana waliishtaki Montana kwa sababu mgeni alitozwa dola 225 wakati mkazi alilipa dola 30 kwa leseni ya aina hiyo. Mwaka 1978 mahakama ilikataa hoja yao. Majaji walio wengi walisema kuwinda elki kwa mtu wa nje ya jimbo ni burudani, si haki ya msingi ambayo kila jimbo linalazimika kuitoa kwa usawa. Baadaye mahakama ya rufaa ya magharibi ilipoanza kuutilia shaka mgao wa asilimia 10 wa Arizona, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2005 kuthibitisha kwamba majimbo yana mamlaka ya kutofautisha mkazi na mgeni.

Sisi tunakubaliana na msingi huo. Mnyama wa porini ni mali ya wananchi wa jimbo, na wanaoishi naye ndio wanaokutana naye barabarani usiku wa Januari na ndio ambao nyasi zao kavu zinaliwa. Ila mgeni naye ana hoja yenye uzito. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Idaho ni ya serikali ya shirikisho, misitu ambayo mtu wa Ohio anaimiliki sawasawa na mtu wa Boise. Msitu ni wake, elki aliye ndani yake si wake. Tena pesa ya mgeni ni sehemu kubwa ya fedha zinazolipa maaskari wa wanyamapori na watu wa kuhesabu makundi. Anayelipa karibu mara 18 hastahili kuonekana kama mwizi, hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kundi la tatu, ambalo ndilo linaloleta kelele nyingi: kampuni za kuongoza wawindaji. Hawa ndio wenye farasi, nyumbu, mahema na wapishi. Hoja yao kubwa si ya ulafi. Anayeajiri vijana wa kazi na kulisha nyumbu mwaka mzima anahitaji kujua mapema atakuwa na wateja wangapi Oktoba, na miji midogo ya milimani inaishi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana majimbo kadhaa, Idaho ikiwemo, yamewatengea wateja wao sehemu ya tagi.

Tazama New Mexico, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Sheria ya huko inagawa tagi za droo hivi: asilimia 84 kwa wakazi, 10 kwa waliokwisha kuingia mkataba na kampuni ya kuongoza, na 6 kwa wageni wanaokuja peke yao. Chukua droo yenye tagi 50. Wakazi wanapata 42, wateja wa kampuni 5, na wageni wote wengine wa Marekani na dunia wanagombea 3. Mwenye pesa ya kulipia mwongozaji anaingia kwenye foleni fupi. Dereva wa lori kutoka Ohio anaachiwa ile ndefu yenye tagi chache. Mkazi wa New Mexico akitazama asilimia 84 anadhani yeye ameguswa kidogo tu, na kwenye droo ni kweli. Lakini huko kuna mlango mwingine kabisa nje ya droo: mwenye shamba ambalo elki wanalitumia hupewa vibali, na vibali hivyo anaweza kumuuzia yeyote, mkazi au mgeni, kwa bei ya soko, ambayo mara nyingi ni maelfu ya dola. Baadhi ya wenye mashamba hufungua ardhi yao kwa wawindaji wote wa eneo hilo ndipo wanapata vibali vya kuwinda eneo zima, na hao tunawaona wamelipa haki yao.

Wyoming wana njia yao. Mgeni anachagua kuomba tagi ya elki ya kawaida kwa dola 692 au ile wanayoiita maalumu kwa dola 1,950, bei iliyoanza 2024. Mnyama ni yuleyule, milima ni ileile. Kilicho tofauti ni kwamba kundi la bei kubwa lina tagi zake zilizotengwa, asilimia 40 ya tagi za elki za wageni. Juu ya hapo, mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya hifadhi za nyika za shirikisho bila mwongozaji au mkazi aliyesajiliwa kumsindikiza, ilhali mtu huyohuyo akija na mkoba na fimbo ya kuvulia samaki anaingia bila kuulizwa. Wanasema ni kwa usalama wake. Hatuoni usalama gani unaomhusu mwenye bunduki usimhusu mwenye ndoano.

Montana ndiko wapiga kura walikoamua wenyewe. Kampuni za kuongoza zilikuwa na tagi za uhakika kwa wateja wao, wengine wakitegemea bahati. Novemba 2010 wananchi walipiga kura wakaziondoa, wageni wote wakaingia droo moja. Bei ya mgeni ikapanda, na sehemu ya pesa ikaelekezwa kulipa wenye mashamba wanaowafungulia wawindaji wa kawaida milango. Hapo kila mtu alitoa kitu.

Msimamo wetu ni huu. Mkazi apewe kipaumbele, ndiyo. Kampuni zitengewe sehemu ndogo inayotangazwa waziwazi, na tagi wasizozitumia zirudi kwenye droo mapema, mtu wa kawaida apate nafasi. Tatizo letu ni pale sehemu yao inapokatwa upande wa mgeni asiye na uwezo, kwa sababu hana mtu wa kumsemea: mkazi ana mbunge wake, kampuni ina chama chake, dereva wa Ohio hana kura hapa.

Na kuna pointi, alama anazojikusanyia mwombaji mwaka hadi mwaka. Wateja wengi wanatuuliza kwa nini Idaho haina pointi kama Wyoming, ambako aliyeomba miaka mingi anatangulizwa na robo tu ya tagi za wageni ndiyo inayobaki kwa bahati tupu. Wanaona kwamba subira yao haithaminiwi. Tunaomba walifikirie upya. Jamii yetu hapa Boise wengi wametoka Kongo kupitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, wamefika wakiwa watu wazima. Kwenye mfumo wa pointi, jirani aliyezaliwa hapa na baba yake akamwombea tangu utotoni yuko mbele yako milele. Kila mwaka unaongeza moja na yeye anaongeza moja. Kwenye droo ya Idaho, jina lako la mwaka wa kwanza lina uzito uleule kama jina la mzee wa miaka 70. Tena kwa kawaida aliyeshinda droo ya dume la elki anakaa pembeni mwaka unaofuata. Mfumo huu ukiguswa, watakaoumia kwanza ni sisi.

Kuna mambo hatutayafanya, tafadhali msituombe. Hatutajaza fomu ya ndugu wa jimbo jingine kwa anwani ya Boise. Kudai ukazi usio nao ni kosa, na tagi iliyopatikana hivyo haikufai kitu. Hatupokei mnyama aliyewindwa kwa tagi ya shemeji. Ukishinda droo na una mtoto au mjukuu wa umri mdogo mwenye leseni, sheria ya Idaho inakuruhusu kumkabidhi tagi yako rasmi, na hilo tutakusaidia. Wala hatuuzi nyama ya elki, hata kama mama mkwe yuko njiani: nyama ya mnyama wa porini hairuhusiwi kuuzwa, inaliwa na mwindaji na wale anaowapa bure.

Msaada wa kujaza maombi unatolewa dukani bila malipo, iwe utaleta nyama kwetu au utapeleka kwingine. Njoo na leseni ya udereva, tarehe uliyohamia Idaho, na cheti cha mafunzo ya uwindaji kama umezaliwa Januari 1, 1975 au baadaye. Msimu ukifika, leta nyama pamoja na tagi yake, na usikate kiungo kinachoonyesha jinsia ya mnyama kabla hujatufikia. Akileta mtu mwingine kwa niaba yako, awe na maandishi yenye sahihi yako yanayosema nyama ni ya nani. Karatasi hiyo tunaiweka kwenye faili, na mkaguzi akija anaiomba.