Mdogo wangu, mstari ule nilikutumia nusu

Mdogo wangu mpendwa,

Uliniomba nisikutumie tena Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kutuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini. Tangu uachishwe kazi na mwenzako aanze kuugua, kila mtu anakutumia mstari huo, na kila ukiusoma unajiona kama unaambiwa unyamaze. Maneno yako yameniuma, kwa sababu ni ya kweli. Niliutuma kabla sijakaa nikakusikiliza. Nisamehe.

Nimerudi kuisoma sura nzima. Ile ni barua ya nabii Yeremia kwa watu waliochukuliwa uhamishoni Babeli, na mstari mmoja tu kabla ya ule tunaoupenda, imetajwa miaka 70 kabla ya kurudishwa kwao. Sasa mfikirie mtu mzima aliyesomewa barua hiyo. Alielewa kwamba Yerusalemu hataiona tena. Nabii mwingine, Hanania, alikuwa ametangaza kwamba watarudi baada ya miaka 2 tu, na Yeremia aliposikia alijibu Amina, Bwana na afanye hivyo. Naye alitamani iwe kweli! Lakini hakuwadanganya. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa hukohuko ugenini.

Ila sura ninayotaka uisome ni ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira mji wa Yerusalemu, Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi. Anakuja Hanameli, mtoto wa ami yake, anamwambia: ninunulie shamba langu la Anathothi. Shamba gani wakati huu, nchi inapotekwa? Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mungu alikuwa amesema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Kinachonishika kila mara ni kinachofuata. Akishalipa, ndipo anaomba, na katika maombi yake mshangao umejaa: Bwana, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo (ndio hao Wababeli), nawe unaniambia ninunue shamba? Alitii huku haelewi. Mungu hakumkemea kwa swali hilo, alimjibu. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukilia usiku na kumuuliza Mungu mpaka lini, usidhani imani imekutoka. Nabii aliuliza akiwa na hati ya shamba tayari.

Na mji ulianguka kweli, hekalu likachomwa. Njia ya kurudi ilifunguliwa na Koreshi wa Uajemi baada ya kuitwaa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Yeremia hakuwa miongoni mwa waliorudi; alikuwa amechukuliwa Misri bila kupenda.

Sijui ugonjwa huu utakwisha lini, na sitakutajia miaka 2. Jumamosi ninakuja. Nitakaa na mgonjwa ili wewe ulale mchana kutwa, na jioni tutaisoma sura ya 32 pamoja, polepole, tukisimama pale Yeremia aliposhangaa kwa muda wowote utakaotaka.

Ni mimi, dada yako.